La Boca: mtaa wa mabaharia wa Genova mjini Buenos Aires

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuandikia hivi: "Mimi ni mpenzi wa soka wa siku nyingi. Nimesikia kwamba mashabiki wa Boca Juniors ya Argentina hujiita Xeneizes, na kwamba maana yake ni watu wa Genova, kule Italia. Je, ni kweli kwamba mtaa wa La Boca ulikuwa mtaa wa Waitalia? Walifikaje huko, kwa nini nyumba zao zimepakwa rangi za kila namna, na sasa wako wapi? Na neno lenyewe hutamkwaje?"

Ndugu msomaji, ni kweli, ila jibu hilo likiachwa hivyo hivyo litakupotosha, na mkanganyiko unaanzia kwenye neno "Waitalia". Watu wa kwanza walioijenga La Boca walianza kufika katika miaka ya 1830, wakati ambapo hakukuwa na nchi moja iliyoitwa Italia. Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861, na kabla ya hapo mtu aliyezaliwa Genova, au katika miji midogo ya pwani ya Liguria, yaani mkoa wa Genova, kama Camogli na Chiavari, alikuwa raia wa mfalme wa Sardinia. Nyumbani, kazini na chomboni alizungumza Kigenova, lugha iliyo mbali na ile ya Napoli au Sicilia kiasi kwamba watu wa pande hizo wakikutana, na hakuna aliyepita shule, hawakuelewana kwa urahisi. Alipoulizwa atokako, alisema yeye ni "zeneize", yaani mtu wa Genova. Kwa hiyo jina ambalo leo linaimbwa na maelfu ya watu uwanjani lina umri mkubwa kuliko uraia wa Italia wenyewe.

Kwa nini walikaa pale na si kwingineko katika jiji lile kubwa? Sababu ni maji. Buenos Aires iko kando ya Río de la Plata, mlango mpana wa mto unaofanana na bahari kwa macho, lakini kina chake ni kifupi sana karibu na ufuo. Kabla ya kujengwa bandari ya kisasa, meli kubwa zilitia nanga mbali, abiria wakashushwa katika mashua, na kutoka mashuani wakahamia katika mikokoteni yenye magurudumu makubwa iliyoingizwa majini ili kuwafikisha nchi kavu. Mahali pekee penye hifadhi kwa vyombo vidogo palikuwa upande wa kusini, pale ambapo kijito cha Riachuelo kinamwagikia katika mto mkubwa. Pale ndipo "mdomoni", na kwa Kihispania mdomo ni "boca". Ardhi yake ilikuwa kinamasi, na kila upepo mkali wa kusini-mashariki unaoitwa "sudestada" ulipovuma, maji ya mto yalirudishwa nyuma yakafurika mitaani. Wenye fedha hawakuitaka ardhi hiyo. Kwa baharia aliyetaka kulala hatua chache kutoka chombo chake kilipofungwa, ilimfaa kabisa.

Wagenova hawakwenda Argentina kulima, angalau si hawa. Walikwenda kuendesha vyombo. Baada ya utawala wa Juan Manuel de Rosas, mtawala wa mkono wa chuma wa Buenos Aires, kuanguka mwaka 1852, mito ya Paraná na Uruguay ilifunguliwa kwa biashara, na mbao, makaa, matunda na bidhaa nyingine zikaanza kuteremshwa kwa wingi kutoka bara. Manahodha wa Liguria walikuwa wameizoea kazi hiyo ya kupita pwani kwa pwani, na sehemu kubwa ya uchukuzi wa mitoni ikawa mikononi mwao. Kila chombo kilihitaji seremala, mhunzi, mshona matanga, msuka kamba na mtu wa kuziba nyufa za mbao. Huyo wa mwisho aliitwa "calafate". Nakuandikia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa mtu wa pwani yetu hana haja ya kutafsiriwa: mafundi wa majahazi wa kwetu nao hukalafati, na neno hilo limepita katika Kiarabu, Kiitalia, Kihispania na Kireno, likitembea bandari kwa bandari pamoja na pamba na mafuta ya kuzibia. Karakana za vyombo zilijipanga kando ya Riachuelo, hasa karibu na kona ya kijito iitwayo Vuelta de Rocha, na mtaa ukakua kutoka hapo kuelekea ndani.

Hatua iliyofuata ilikuwa tofauti kwa ukubwa na kwa tabia. Katiba ya Argentina ya mwaka 1853, katika kifungu cha 25, iliiagiza serikali kuhimiza uhamiaji kutoka Ulaya, na sheria ya mwaka 1876 ikaweka utaratibu wa kuwapokea wageni. Waitalia wakaanza kuja kwa mamia ya maelfu, kwanza kutoka kaskazini, baadaye zaidi na zaidi kutoka kusini. Sensa ya jiji ya mwaka 1887 ilihesabu watu 433,375 Buenos Aires, na kati yao 138,166 walikuwa wamezaliwa Italia, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu. La Boca yenyewe mwaka 1895 ilikuwa na wakazi wapatao 38,000, na Waitalia walikuwa kama 14,000. Ukiitazama hesabu hiyo haraka utasema kwamba hawakufika hata nusu, na kwamba sifa ya "mtaa wa Waitalia" imetiwa chumvi. Mimi nadhani kosa liko katika jinsi ya kuhesabu. Mtoto wa nahodha wa Camogli aliyezaliwa La Boca aliandikwa kuwa Mwargentina, ingawa alilelewa kwa Kigenova, alikula chakula cha Liguria na alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake. Ukiwarudisha watoto hao kwa wazazi wao, picha inabadilika kabisa.

Lakini pia usidhani kwamba walikuwa kundi moja lililoshikana. Wagenova, kwa kuwa walitangulia, ndio waliomiliki vyombo, karakana, maghala na maduka ya vifaa vya meli, ilhali wengi waliofuata kutoka kusini mwa Italia waliingia kama makuli wa bandarini na vibarua. Pia walikuwapo Wahispania, Wauruguay na watu wa mataifa mengine. Kwa Wagenova wenyeji, mtu wa Napoli alikuwa mgeni karibu sawa na Mhispania. Ajabu ni kwamba neno la mtaani la kumwita Mwitalia yeyote nchini Argentina, "tano", linatokana na "napolitano", kwa hiyo taifa zima liliishia kuitwa kwa jina la watu wa kusini, na La Boca peke yake ikabaki na jina lake la kaskazini.

Sasa nyumba. Aina ya makazi iliyoenea iliitwa "conventillo", na kwa msomaji wa Tanga ni rahisi kuieleza: ni nyumba ya vyumba vya kupanga, kila familia chumba chake, na uani ni pa wote. Jiko la makaa liliwekwa mlangoni, bomba la maji na choo vilikuwa vya kushirikiana, na nguo zilianikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Katika mtaa jirani wa San Telmo, nyumba nyingi za namna hii zilikuwa majumba ya matajiri waliokimbilia kaskazini mwa jiji baada ya homa ya manjano ya mwaka 1871, ambayo iliua watu zaidi ya 13,000. La Boca haikuwa na majumba ya kurithi. Huko zilijengwa mpya, kwa mbao na mabati ya migongo, zikainuliwa juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yapite chini, na hata njia za waendao kwa miguu zikainuliwa mno, kiasi kwamba hadi leo katika baadhi ya mitaa unapanda ngazi kufika kwenye njia hiyo na kushuka ngazi kuvuka barabara. Mafundi walikuwa wale wale wa vyombo, na vifaa vilikuwa vile vile vya bandarini.

Hapo ndipo rangi zinapoingia. Maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba wakazi walipaka nyumba zao kwa mabaki ya rangi za meli, na kwa kuwa kopo moja halikutosha ukuta mzima, upande mmoja ukawa wa buluu, mwingine wa kijani, dirisha likawa jekundu. Maelezo hayo yana mantiki: mabati yasipopakwa rangi hushika kutu upesi, na rangi ya meli ilikuwa ndiyo bora na ilikuwa karibu. Hata hivyo, nakuomba utenganishe mambo mawili. Desturi ya kupaka mabati ni ya zamani na ya wakazi. Ule mng'ao uuonao katika picha za watalii, wenye njano kali ikikabiliana na buluu na nyekundu kwa mpangilio kama wa jukwaa la michezo ya kuigiza, ni kazi ya katikati ya karne ya 20, na una mtu wake.

Mtu huyo ni mchoraji Benito Quinquela Martín. Aliachwa akiwa kichanga katika nyumba ya watoto waliotupwa mwaka 1890, na alipokuwa mtoto mdogo alichukuliwa na Manuel Chinchella, Mgenova mwuza makaa wa La Boca, na mkewe Justina Molina, mwenyeji wa jimbo la Entre Ríos. Kijana alibeba magunia ya makaa bandarini, na jioni alijifunza kuchora kwa Alfredo Lazzari, mwalimu Mwitalia aliyefundisha katika chama kimoja cha mtaani. Hata jina lake linaonyesha lugha mbili zikigongana: "Chinchella" kwa Kiitalia husomeka "Kinkela", lakini Mhispania huisoma kwa "ch" ya Kiswahili, basi baadaye akalibadili tahajia liwe Quinquela ili litamkwe alivyotaka baba yake. Alichora jambo moja maisha yake yote, nalo ni bandari ya Riachuelo na watu wanaobeba mizigo juu ya mbao nyembamba kutoka melini. Michoro hiyo ilimpeleka kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani, na fedha alizopata alizirudisha mtaani kwa namna ambayo wasanii wachache wamewahi kuifanya: alinunua ardhi kando ya Vuelta de Rocha akaitoa kwa serikali, na juu yake ikajengwa shule iliyofunguliwa mwaka 1936, makumbusho ya sanaa, hospitali ya meno ya watoto na baadaye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Darasani alichora kuta mwenyewe.

Palikuwapo karibu na hapo ujia uliopinda, ambao zamani ulipitiwa na reli ya kuelekea bandarini na ambao, baada ya treni kuacha kupita, uligeuka kuwa jalala. Quinquela na majirani wake waliusafisha, wakapaka rangi kuta za nyuma za nyumba zinazoutazama, na mwaka 1959 ukafanywa rasmi kuwa makumbusho ya wazi kwa jina la Caminito. Jina hilo lilitoka katika wimbo wa dansi ya tango wa mwaka 1926 uliotungwa na Juan de Dios Filiberto, mzaliwa wa La Boca na rafiki wa Quinquela, ingawa mwandishi wa maneno yake, Gabino Coria Peñaloza, alikuwa akikumbuka njia ya mashambani katika jimbo la La Rioja, mbali kabisa na bandari. Kwa hiyo ujia wenye urefu wa mita 100 hivi ndio unaowakilisha mtaa mzima katika kadi za posta, na ukitoka humo na kutembea dakika chache utakuta mabati yaliyofifia na nyumba ambazo zimekuwa zikiungua moto mara kwa mara.

Moto ndio uliowafanya Wagenova waanzishe taasisi yao yenye sifa kubwa kuliko zote. Nyumba za mbao zilizobanana zilikuwa kama fungu la kuni, na tarehe 2 Juni 1884 wakazi wakiongozwa na Tomás Liberti waliunda kikosi cha wazimamoto wa kujitolea, cha kwanza Argentina. Kaulimbiu yake iliandikwa kwa Kiitalia, "Volere è potere", yaani kutaka ni kuweza, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa siku ya wazimamoto wa kujitolea nchini kote. Pamoja na kikosi hicho vilikuwapo vyama vya kusaidiana, ambavyo sisi tungeviita vya kufa na kuzikana, vikilipia daktari, dawa na mazishi ya wanachama. Mfano wake katika Buenos Aires ulikuwa Unione e Benevolenza, kilichoanzishwa mwaka 1858. Wengi wa viongozi walikuwa wafuasi wa fikra za Mazzini na Garibaldi, wapigania umoja wa Italia, wapenda jamhuri na wasiowapenda mapadre, na wamisionari wa Don Bosco waliokabidhiwa parokia ya mtaa mwaka 1877 walipata kazi ngumu sana ya kuwavuta kanisani.

Kuhusu ile hadithi ya "Jamhuri ya La Boca", ambayo huenda utakutana nayo: inasimuliwa kwamba mwaka 1882, katika mgogoro wa kazi, Wagenova walipandisha bendera ya Genova, wakatangaza kujitenga, na Rais Julio Argentino Roca akaenda mwenyewe kuishusha. Naichukua kwa tahadhari, kwa kuwa imenogeshwa mno na wasimuliaji, na kwa kuwa katika karne ya 20 watu wa mtaa waliifufua jamhuri hiyo kama mzaha, wakajipa vyeo na heshima za serikali yao wenyewe.

Siasa za kweli hazikuwa mzaha. Mwaka 1904 wapiga kura wa La Boca walimchagua Alfredo Palacios, ambaye akawa mbunge wa kwanza Msoshalisti katika bara lote la Amerika. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu sheria mpya ya mwaka 1902 iliruhusu kila jimbo dogo kuchagua mtu wake, na kwa jimbo lenye wafanyakazi wengi kiasi kile matokeo hayakupaswa kumshangaza mtu. Mwaka 1907 wapangaji wa conventillo walikataa kulipa kodi, wakidai ipunguzwe kwa asilimia 30. Mgomo ulianza katika nyumba moja upande wa kusini wa jiji, ukaenea hadi kufikia nyumba zipatazo 2,000, na wanawake na watoto wakaandamana wakiwa na mafagio mabegani, wakisema wanawafagia wenye nyumba. Polisi waliwatoa watu vyumbani kwa nguvu, wakiwamwagia maji baridi kwa mipira ya zimamoto, kijana mmoja aitwaye Miguel Pepe aliuawa kwa risasi, na viongozi wa kigeni walifukuzwa nchini kwa sheria ya mwaka 1902 iliyoiruhusu serikali kufanya hivyo bila hukumu ya mahakama. Ninaitaja habari hii kwa urefu kwa sababu rangi za Caminito huwafanya wageni wadhani kwamba maisha ya conventillo yalikuwa ya ngoma na uchangamfu.

Sasa soka, ambayo ndiyo iliyokuleta. Tarehe 3 Aprili 1905 vijana watano waliokutana katika bustani ya Plaza Solís waliunda Boca Juniors, nao ni Esteban Baglietto, Alfredo Scarpati, Santiago Sana na ndugu wawili, Juan na Teodoro Farenga, wote watoto wa wahamiaji wa Kiitalia. Kuhusu rangi zake inasimuliwa kwamba walikubaliana kuchukua bendera ya meli itakayofuata kuingia bandarini, ikaja ya Uswidi, yenye buluu na njano. Huenda hujui kwamba mahasimu wao, River Plate, nao walizaliwa La Boca, mwaka 1901. Jina lao ni lile ambalo Waingereza waliupa mto ule ule. River waliondoka mwaka 1923 kuelekea kaskazini mwa jiji, na wakajenga uwanja wao Núñez mwaka 1938, katika upande wa watu wenye uwezo. Boca walibaki, na uwanja wao uitwao La Bombonera ulifunguliwa tarehe 25 Mei 1940. Ushindani unaoutazama kwenye televisheni, kwa hiyo, ulianza kama ugomvi wa majirani, mmoja wao akahama.

Kwa nini wengine nao walihama? Kilichowaleta ndicho kilichoondoka. Bandari mpya ya Puerto Madero ilikamilika mwaka 1897, karibu na katikati ya jiji, na ilipoonekana kuwa ndogo ikajengwa nyingine kaskazini zaidi. Riachuelo ikabaki na vyombo vidogo, kisha hata hivyo vikanyang'anywa mizigo na reli na malori. Mtoto wa seremala wa vyombo hakuwa tena na chombo cha kuunda. Alisoma, akawa karani au mfanyabiashara, akanunua nyumba ya matofali katika mtaa usiofurika. Vita vya mwaka 1914 na mdororo wa uchumi wa mwaka 1930 vilipunguza sana wageni wapya, na vyumba vilivyoachwa vilichukuliwa na watu wa majimbo ya ndani ya Argentina, kisha na Waparaguay, Wabolivia na Wauruguay. Kijito chenyewe kilichafuliwa na viwanda hadi Mahakama Kuu ya Argentina, mwaka 2008, ikaziamuru mamlaka kukisafisha.

Wazao wa Wagenova hawakupotea, bali wametawanyika katika jiji lote na wamekuwa Waargentina kama wengine. Alama zao utazikuta mezani na mdomoni zaidi kuliko katika majina ya milangoni. Katika duka lolote la piza la Buenos Aires utapewa "fainá", mkate mwembamba wa unga wa dengu, ule ule wa kwetu wa bajia, nao huwekwa juu ya piza na kuliwa pamoja; hiyo ni Liguria tupu. Mtu akienda kazini husema anakwenda "laburo", ambalo ni neno "lavoro" la Kiitalia, na akiaga husema "chau".

Na hilo neno lako, watu wa Buenos Aires hulitamka "seneise", wakiikaza silabu ya pili, "ne". Ukiliandika, tumia X.